Maisha Mema Hayapimwi kwa Moshi

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, inuka kidogo hapo ulipoketi, uende ukatazame jikoni kwako. Waona nini? Labda gunia la mkaa limeegemezwa ukutani. Labda mafiga matatu na mzigo wa kuni. Labda mtungi wa gesi umekaa pembeni una vumbi, kwa kuwa gesi ilikwisha mwezi uliopita na fedha ya kujaza haijapatikana. Lolote uonalo, hapo ndipo habari yetu ya leo inapoanzia.

Sote tumesikia redioni kwamba dunia inapata joto. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima joto la dunia nzima. Wengi wakisikia habari hizo husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wanaokutana Ulaya. Mimi na sufuria yangu twahusika wapi?" Leo nataka kukuonyesha mahali unapohusika, na mahali usipohusika. Maana wapo wanaomtwisha maskini lawama isiyo yake, na wapo wanaomwambia kwamba hana la kufanya. Wote hao wanampoteza njia.

MZIGO USIOONEKANA

Kila tunapochoma kuni, mkaa, mafuta ya taa, petroli au gesi, hutoka hewa ya ukaa. Hewa hiyo haionekani kwa macho wala haina harufu. Hupanda angani ikakaa huko miaka mingi sana, ikaifunika dunia kama blanketi limfunikavyo mtu aliyelala, hata joto lisiweze kutoka kama lilivyokuwa likitoka zamani. Blanketi moja lafaa, la sivyo dunia ingeganda kwa baridi. Lakini sisi wanadamu kila mwaka twaongeza blanketi juu ya blanketi.

Ukikusanya hewa yote iliyotoka kwa ajili ya mtu mmoja katika mwaka mmoja, yaani kwa kupika kwake, kusafiri kwake, kula kwake na vitu anunuavyo, wapata mzigo wake. Wataalamu huuita nyayo za kaboni. Nao hupimwa kwa kilo na tani, kama mahindi yapimwavyo.

Basi swali letu ni hili: Je, mtu aweza kuwa na maisha mema, yenye shibe, afya, mwanga na elimu, bila mzigo wake kupita kipimo? Au maendeleo na moshi ni mapacha wasioachana?

KIPIMO CHENYEWE NI KIPI?

Mwaka 2019 wataalamu wa Japani na Finland walitoa hesabu yao. Walisema kwamba, ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya lile la zamani, kabla ya viwanda, mzigo wa maisha ya kila mtu usizidi tani 2.5 kwa mwaka ifikapo 2030. Na ifikapo 2050 usizidi tani 0.7. Kipimo hiki ni kimoja kwa wote, tajiri na maskini, Mzungu na Mwafrika.

Sasa tazama jinsi watu walivyo mbali na kipimo hicho. Kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi peke yake, Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa kama tani 14 kwa mwaka. Wastani wa dunia nzima ni chini kidogo ya tani 5. Na Mtanzania? Hafiki hata nusu tani. Yeye yumo katika robo ya tani hivi.

Kwa hiyo tuseme wazi: wa kwanza kupunguza ni wale waliojaza sahani mara tano na sita. Mama anayekaanga maandazi alfajiri Mbagala hana deni nao, na asikubali kuambiwa kwamba ukame umeletwa na maandazi yake.

Lakini, msomaji, usifunge gazeti hapo ukafurahi. Yako mambo mawili. La kwanza, hesabu ile ya robo tani haikuuhesabu mkaa wala kuni. Inahesabu mafuta, gesi, makaa ya mawe na viwanda vya saruji. La pili, sisi hatukai tulipo. Twataka kupanda, na ni haki yetu kupanda. Hapana budi basi tuangalie ngazi tunayoishika.

HESABU YA GUNIA LA MKAA

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Tuseme nyumba moja ya mjini ina watu watano, nayo hutumia kilo 2 za mkaa kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730.

Mkaa haukui shambani. Hutoka katika mti. Katika tanuri la udongo la desturi, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo 6 mpaka 10 za kuni kavu, kwa maana sehemu kubwa ya mti huteketea humo humo tanurini. Tushike kilo 8. Basi nyumba ile imekula karibu tani 6 za miti kwa mwaka mmoja. Kilo moja ya kuni kavu ikiteketea hutoa kama kilo 1.8 za hewa ya ukaa. Zidisha: ni zaidi ya tani 10. Gawanya kwa watu watano: kila mmoja, hata mtoto anyonyaye, amepata tani 2 na zaidi.

Umeona? Nyumba isiyo na gari, isiyo na friji, isiyowahi kupanda ndege, karibu imekwisha jaza kipimo chake chote kwa chungu cha maharagwe.

Yafaa niseme na upande wa pili, nisije nikakudanganya. Mti ukikatwa na kisiki kikaachwa, miti mingi ya miombo huchipua tena, na ikikua huivuta ile hewa na kuirudisha katika shina. Mahali kama hapo deni hulipwa polepole. Lakini mahali palipokatwa kisha pakachomwa na kulimwa, deni halilipwi. Serikali ya Tanzania imehesabu kwamba nchi imekuwa ikipoteza misitu kiasi cha hekta 469,000 kwa mwaka. Kilimo ndicho kilichochukua sehemu kubwa, lakini mkaa nao una mkono wake.

Sasa weka mtungi wa gesi mahali pa gunia. Tuseme nyumba ile ile inamaliza mtungi wa kilo 15 kila mwezi. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa kama kilo 3 za hewa ya ukaa. Kwa mwaka ni kilo 540. Kwa kila mtu, kilo 108 tu. Kutoka tani 2 mpaka kilo 108, na chakula ni kile kile. Gesi nayo hutoka ardhini, haina utakatifu wowote. Lakini hesabu ni hesabu.

MAPAFU YA NANI?

Tukiacha hewa ya ukaa, uko moshi wenyewe unaochoma macho. Viongozi wa Serikali wametaja kwamba watu kama 33,000 hufa kila mwaka nchini Tanzania kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Ni akina nani hao? Wengi ni akina mama, na watoto waliobebwa mgongoni mama akipuliza moto.

Hapa nataka kusema nawe, baba wa nyumba. Mara nyingi wewe ndiwe mwenye mfuko, na mama ndiye mwenye kikohozi. Umenunua televisheni ya ukutani na simu mpya. Jirani wamekuja wakasifu. Jikoni hakuna aliyekwenda kusifu, kwa sababu jikoni hakuingiliki kwa moshi. Je, hayo ndiyo maendeleo? Nyumba ambayo mama yake anakohoa haijaendelea, hata ikiwa na picha zinazocheza ukutani.

Najua jibu lako: "Mkaa nanunua kopo moja kila siku; gesi yataka fedha nyingi kwa mara moja." Ni kweli, na hapo ndipo penye fundo. Maskini hulipa kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi amelipa nyingi. Dawa yake ni kuweka akiba kwa kusudi hilo hilo. Vyama vya kuweka na kukopa na vikundi vya akina mama vyaweza kumnunulia kila mwanachama mtungi na jiko kwa zamu, kama vinavyonunua vyombo na vitenge. Tena mijini iko mitungi yenye mita, ambayo mtu hulipa kwa simu kadiri anavyotumia.

Mwaka 2024 Serikali ilianza mpango wa miaka kumi, ili ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Mpango ni mzuri. Lakini hakuna waziri atakayekuja kuwasha jiko lako. Ukumbuke pia kwamba wenye umeme wanaweza kupika kwa sufuria ya umeme ya presha. Maharagwe ya nyumba nzima huiva humo kwa pungufu ya uniti moja. Wengi huogopa umeme wa kupikia kwa kukumbuka yale majiko ya koili yanayomaliza uniti. Sufuria hii si ndugu yake.

NA WA SHAMBA JE?

Wewe uliye kijijini, ambaye gesi haijafika na nguzo za umeme waziona kwa mbali, usijione umesahauliwa. Yako mambo ya kufanya leo bila kungoja mtu.

Kausha kuni zako vizuri kabla ya kuzichoma. Kuni mbichi ni moshi mtupu. Acha mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo, ujenge jiko la udongo lililozibwa pande zote, lenye bomba la kutolea moshi. Anayetumia mkaa, atafute jiko lenye kauri ndani. Hupunguza mkaa theluthi moja au hata zaidi. Loweka maharagwe usiku kucha. Funika sufuria. Chochea moto kwa kadiri ya chungu, si kwa kadiri ya kuni ulizo nazo.

Liko na jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Chukua kikapu kipana, ukitandike ndani nguo kuukuu nyingi au majani makavu ya migomba. Chemsha mchele, au maharagwe yaliyokwisha kuiva nusu, kisha uitie sufuria ikiwa bado inachemka ndani ya kikapu, uifunike juu kwa mto wa nguo. Uende zako shamba. Chakula kitaendelea kuiva chenyewe bila moto.

Neno moja la hatari: usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili upate joto la usiku. Mkaa hutoa hewa nyingine yenye sumu, isiyo na harufu, nayo imelaza watu wengi wasiamke.

NGAZI YA KUPANDIA

Sasa nazungumza nawe uliyeanza kupata. Mshahara umepanda, au duka limechangamka. Moyo unasema: gari.

Tufanye hesabu tena. Ukiendesha kilomita 30 kwa siku, kwenda na kurudi kazini, siku 300 za mwaka, ni kilomita 9,000. Katika msongamano wa Dar es Salaam gari dogo hula lita moja kwa kilomita 10. Basi ni lita 900. Lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Ni tani 2 na zaidi, peke yako ndani ya gari, umekaa kwenye foleni unapiga honi. Karibu kipimo chako chote cha mwaka kimekwenda njiani.

Basi kubwa likila lita 40 za dizeli kwa kilomita 100, nalo lina watu 50, fungu la kila abiria kwa njia ile ile halifiki kilo 200 kwa mwaka. Ndiyo maana mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, ni jambo la kudai yaongezwe na yatunzwe, wala si jambo la kukimbiwa na kila apataye fedha. Na tangu 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Mwaka huo huo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji ilianza kutoa umeme wa maji. Bwawa hilo limejengwa kwa nguvu ya megawati 2,115. Mwenye kusafiri kwa treni hiyo amefika haraka na mzigo wake ni mdogo.

Sisemi kwamba gari ni dhambi. Mwenye mgonjwa, mwenye mizigo ya biashara, aliye mbali na barabara ya basi, gari lamfaa. Nasema gari la kuonyesha watu ni mzigo wa bure. Hali kadhalika ndege: kwenda London na kurudi mara moja tu kwaweza kukupatia tani moja na zaidi.

Katika chakula, usione haya kwa ugali na maharagwe. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe hubeba mzigo zaidi ya mara kumi ya kilo ya maharagwe, kwa sababu ng'ombe akicheua hutoa hewa inayozidi hewa ya ukaa kwa ukali wa kuleta joto. Nyama ya sikukuu haina neno. Lakini mtu aliyepata cheo akaacha dagaa, kunde na mchicha ili ale nyama asubuhi na jioni, amemuongezea daktari kazi na dunia joto. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nguo za mitumba, fundi wa viatu chini ya mwembe, redio iliyofunguliwa ikatiwa waya mpya: hayo ambayo vijana wanayaita umaskini, huko Ulaya siku hizi yanafundishwa kama elimu mpya. Tusiyatupe siku ya kwanza tunapopata.

WAPO WALIOWEZA

Labda wasema, "Maneno matamu, lakini nchi gani imeishi hivyo?" Itazame Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Mwaka 1948 walivunja jeshi lao, na fedha wakaziweka katika shule na hospitali. Umeme wao karibu wote hutoka katika maji, upepo na joto la ardhini. Miaka ya 1980 misitu yao ilikuwa imebaki kama robo ya nchi. Wakaanza, mwaka 1997, kuwalipa wenye mashamba wanaotunza miti, kwa fedha itokayo katika kodi ya mafuta ya magari. Leo misitu imefunika zaidi ya nusu ya nchi.

Mwananchi wa huko kwa kawaida huishi karibu miaka 80, sawa na Mmarekani au kumpita kidogo. Na mzigo wake wa kuchoma mafuta ni kama tani moja na nusu, wakati wa Mmarekani ni kama 14. Tani zile nyingine 12 zimemnunulia Mmarekani nini? Si uhai mrefu. Costa Rica nao wana kasoro: magari yao yanaongezeka, na ukihesabu bidhaa wanazonunua nje mzigo wao hupanda. Lakini wametuonyesha kwamba afya, mwanga na shule haviji juu ya mgongo wa moshi.

SHILINGI YA KWANZA IENDE WAPI?

Haya ndiyo ninayotaka ukae nayo. Maisha mema yanaenea ndani ya kipimo, tena kwa nafasi. Jiko safi, taa za umeme, friji ndogo, redio na simu, nauli ya basi na treni, chakula cha kushiba na nyama kwa kiasi, karo za watoto: haya yote pamoja hayakujazi sahani. Kinachoijaza ni mkaa kwa upande wa maskini. Na gari la fahari, ndege na kununua kusikokoma kwa upande wa mwenye nacho.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza inayozidi nyumbani mwako iende jikoni. Ya pili iende kwenye mwanga. Ya tatu, ukiwa na shamba, iende kwenye miche ya miti. Mengine yafuate nyuma. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Walioanza na fahari wengi wamerudi kukopa nauli.

Nami nakupa kazi moja ndogo ya juma hili. Kaa na mwenzako na watoto, mpime mkaa mnaotumia tangu Jumatatu mpaka Jumapili, au muandike fedha yake kila siku katika daftari la mtoto. Jumapili jioni mjumlishe, mzidishe kwa majuma 52. Namba mtakayoiona itasema nanyi kuliko gazeti hili. Kisha baba, ukiisha kuisoma, usitoke kwenda barazani mara moja. Mwulize mama ni mtungi wa kiasi gani utakaotosha.